Karani Aliyewabishia Hodi Marehemu

Ko, ko.

Mara mbili, kwa kifundo cha kidole cha kati, juu ya kaunta ya mbao iliyolika kwa viwiko vya watu. Halafu kimya kidogo, kama vile anasubiri kufunguliwa. Halafu sauti kavu ya mzee: "Yupo."

Sauti hiyo nimebaki nayo mpaka leo. Ilikuwa na maana moja tu: ndani ya vitabu vikubwa vilivyojipanga nyuma yetu, Karani amempata mtu. Mtu mwenyewe kafa zamani, mara nyingi ni Mwingereza, na wajukuu zake huko kwao wamechoka kumtafuta. Nilipomuuliza kwa nini anagonga, alinitazama kama nimemuuliza kwa nini watu wanavaa viatu. "Wewe unaingia kwa mtu bila hodi?" Akimkosa hakugonga. Alifunga kitabu, akavua miwani, akasema, "Hayupo," na mimi nikaandika hivyo kwenye barua.

Kila mtu pale parokiani alimwita Karani, kuanzia paroko mpaka mama anayeuza maandazi getini. Jina alikuwa nalo. Nililiona kila siku chini ya vyeti, limeandikwa kwa ule mwandiko wa kulala ambao siku hizi haufundishwi. Ila kumwita kwa jina ingekuwa kama kumvua kofia mbele za watu. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sikujua kwa miaka yote minne tuliyokaa pamoja. Mtu aliyetafuta koo za wengine kwa zaidi ya nusu ya umri wake, ukimgusa ya kwake anakwambia, "Malizia hiyo barua, chai inapoa."

Mimi nilifika pale kwa sababu ya kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yangu hakuyatangaza kwa majirani, nikasoma kozi ya miezi mitatu hapa Iringa mjini, nikajua kuchapa bila kutazama vidole. Paroko alikuwa amezidiwa na barua pepe za Uingereza. Akaniambia, "Utamsaidia Karani. Yeye anajua wafu, wewe unajua mtandao." Nikaona nimepata kazi ya kwenye sinema. Nilikuwa na ndoto nyingi, jamani. Nilitaka kuona theluji inadondoka. Kila Mwingereza aliyetafutwa nilimpa sura kichwani: mrefu, masharubu, macho ya kijani, anamwandikia mchumba wake barua chini ya taa. Nilimsimulia Karani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasoma karatasi iliyokuwa mkononi mwake, akasema, "Huyu alikufa kwa kuhara damu, binti. Acha kumchana nywele."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mkali kwa kelele, alikuwa mkali kwa ukweli.

Alisema mtu ana milango mitatu: kanisa, serikali na jeshi. Kanisa linajua siku uliyomwagiwa maji na nani alikushika. Serikali inajua ulioa nani na ulikufa lini, basi. Jeshi linajua urefu wako, kifua chako na saizi ya buti zako, lakini halijui mama yako analia wapi. Ukitaka kumpata mtu mzima mzima, alisema, lazima upite milango yote mitatu, na kila mmoja utakudanganya kidogo kwa namna yake.

Waingereza wengi hawakuwa wa kanisa letu. Lakini waliozaa na watu wetu, waliozikwa na padri wetu kwa sababu wa kwao alikuwa mbali, waliobadili dini kwa ajili ya mwanamke, wote walipita humu. Wengine walikuja na vita ile ya kwanza, wengine na dhahabu ya Chunya, wengine na chai ya Mufindi. Walipotafutwa na wajukuu zao, njia ziliishia kwenye kaunta yetu.

Kazi yake ilikuwa na taratibu ambazo hakukubali zivunjwe. Unanawa kwa sabuni na kukausha mikono kabla ya kugusa kitabu. Kalamu ya wino haikaribii vitabu vya zamani; ni penseli tu, nayo pembeni, siyo ndani ya mstari. Jiko la mkaa halivuki kizingiti. Iringa Julai unaijua mwenyewe, maji ya kunawa yanauma kama sindano, na yule mzee alivaa sweta mbili na kufanya kazi huku mkono mmoja ukiwa kwapani unapata moto, mwingine unafuata mistari kwa rula ya mti. Halafu inabadilishana zamu.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa hili: "Ukitafuta mtu, usianze na jina lake. Majina yanabadilishwa. Anza na msimamizi." Msimamizi ni yule anayemshika mtoto wakati wa ubatizo na kumjibia kwa padri. Karani alisema watu wanadanganya baba, wanadanganya umri, wanadanganya hata kijiji, lakini msimamizi alisimama pale kwa miguu yake mwenyewe, padri alimwona.

La pili lilikuwa la dirishani. Zamani padri akikosea wino hakufuta, alikwangua kwa wembe, kisha akaandika upya juu yake. Ukitazama juu juu huoni kitu. "Nyanyua ukurasa kwenye mwanga," alisema, na kweli, pale palipokwanguliwa karatasi imekuwa nyembamba na jua linapenya kama kwenye kucha ya mtoto. "Karatasi hii siyo ya siku hizi, siyo ile ya miti ya kiwanda cha Mgololo. Hii ina kumbukumbu." Nilicheka nikamwambia hata ya Mgololo ina kumbukumbu, inamkumbuka mti. Akanyanyua nyusi. Kwake hicho kilikuwa kicheko.

Nitasema na ubaya wake, maana alikuwa nao. Hakujua kufariji. Siku moja alikuja mzee wa Kiingereza, mwekundu kwa jua, na fimbo mbili za kutembelea. Babu yake alikuwa amezikwa kwenye makaburi ya vita hapa mjini, na nyumbani kwao miaka yote walisimuliana kwamba alikufa akiongoza watu kupanda mlima chini ya risasi. Karani alikuwa na nakala ya karatasi ya jeshi. Nikamwomba kwa macho anyamaze. Yule mgeni alikuwa ameshika ua la karatasi, jamani, amelibeba kutoka kwao. Karani akamwambia kila kitu kupitia mimi: homa, siku tisa, hakupanda mlima wowote. Halafu akaongeza, "Muulize kama anataka kujua waliombeba kwenye machela mpaka hapa." Nikauliza. Mgeni akasema ndiyo, anataka. "Mwambie na mimi nataka," Karani akasema. "Wapagazi hawakuandikwa. Babu yake ana jiwe na jina. Hao hawana hata mstari."

Mgeni alilia. Karani akaenda kunawa mikono.

Na kulikuwa na wale wa Chunya. Familia moja iliandika ikitafuta mjomba wao mchimba dhahabu. Serikali kule kwao ilisema alikufa bila mke wala mtoto. Karani akafungua kitabu, ko, ko: yupo, na watoto watatu, mama yao Msafwa, wasimamizi hawa hapa. Akaniambia niandike wote watatu kwa majina. Nikaandika kwa furaha, nikaweka na alama ya tabasamu, mjinga mimi. Hawakujibu tena. Niliandika mara mbili kuulizia, kimya. Karani akasema, "Umeona. Wanatafuta marehemu. Wakipata hai, wanafunga mlango." Alisema kama mtu aliyepata ushahidi wa jambo alilokuwa akilibishania na nafsi yake kwa muda mrefu. Wakati ule sikulitambua hilo.

Sasa nimlete Mama mmoja.

Alikuwa akitoka Uyole, Mbeya, mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno na kabla ya Kwaresima. Mama wa miaka sitini na zaidi, mweupe wa kuungua, mashavu yamejaa madoadoa, nywele za kahawia chini ya kitambaa. Watoto wa mtaani kwao walikuwa wakimwita mzungu wa shamba. Alilelewa na masista upande wa Mbeya. Alichojua ni kwamba alibatizwa kwetu, kwa sababu masista walimwambia, na kwamba baba yake alikuwa Mwingereza, kwa sababu kioo kilimwambia. Basi.

Alikuja na mchele kwenye kiroba kidogo, akaegemea kaunta kama mtu wa nyumbani. "Kamwene, Baba Karani. Bado hajatokea tu huyo mtu wangu?"

"Bado, mama."

"Mwangalie vizuri huko chini, labda amelala."

"Nimetazama. Kitabu kinasema baba hajulikani."

"Kitabu hakimjui, mama yangu alimjua," anasema, anacheka, kisha anajifuta jicho kwa kona ya kitenge kama vile kuna vumbi limeingia.

Siku moja, Karani alipotoka nje, aliniambia anachotaka. "Mwanangu, sitaki shamba la mtu, sitaki nyumba ya Ulaya. Nimeshazika wengi. Kila nikikaa msibani nasikiliza wasifu wa marehemu unavyosomwa. Marehemu alizaliwa kijiji fulani, ni mtoto wa pili wa mzee fulani. Yaani wote wanaanza hivyo. Wangu utaanzia wapi? Utaanzia hewani? Nataka jina moja tu la kuweka pale mwanzo. Likiwa la mtu mbaya, sawa, nitalibeba."

Aliposema hivyo alinishika mkono, nikaona kidole chake cha mwisho, cha kushoto, kimepinda kuelekea wenzake kama kinawasikiliza. "Nilizaliwa nacho," akasema. "Na mwanangu wa mwisho anacho."

Karani alikuwa na tabia za ajabu mbele ya Mama huyu, na mimi nilizifanyia mzaha. Wateja wote aliwahudumia ameketi, ila huyu alimsimamia kwa miguu yake. Mchele hakuupokea kamwe kutoka mkononi mwake, ikabidi Mama aniachie mimi. Lakini jioni aliniuliza, "Mchele unanukia?" Nikamwambia kaunuse mwenyewe. Akachukua kiganja kimoja tu, mbichi, akafunga kwenye karatasi, akatia mfukoni. Nikasema moyoni, heee, mzee kapenda uzeeni. Nikaanza kuwapangia harusi. Nikamtania siku moja, "Karani, huyu Mama wa Mbeya anakufaa." Alikunja ngumi juu ya kaunta, na kwa mara ya kwanza nikamwogopa. "Usirudie," akasema.

Halafu ikaja barua ya dada mmoja wa Uingereza.

Aliandika vizuri, kwa Kiingereza chepesi kama mtu anayejua atasomwa na kidato cha nne. Babu yake alikuwa askari katika vita ya pili, kisha akaja kusimamia shamba la chai Mufindi, kisha akarudi kwao akaoa. Alishapita milango miwili: alikuwa na cheti cha ndoa cha serikali na karatasi za jeshi. Lakini kwenye barua ambazo dada wa babu yake alizitunza alikuta mstari mmoja: nimemwacha binti mdogo huko nyanda za juu, na simsahau. Akauliza kama kanisa letu linamjua huyo binti. Akaandika, nakumbuka neno kwa neno maana nililitafuta kwenye kamusi ya simu: tunataka kumpata akiwa hai, na kama yuko hai, tunataka kuja kumsalimia.

Nilimsomea Karani. Nilikuwa narukaruka kwenye kiti. "Karani, hawa wanataka hai! Tofauti na wale wa Chunya!"

Akaniambia nirudie jina la babu. Nikarudia. Hakuinuka, hakufungua kitabu. "Andika: hayupo."

"Hata hujatazama."

"Vitabu hivi ninavyo kichwani. Andika hayupo."

Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika na nikatuma.

Lakini zile karatasi za jeshi zilikuwa zimeambatanishwa, na mimi napenda kusoma mambo ya watu. Niliporudi nyumbani nilizifungua kwenye simu. Urefu, kifua, rangi ya macho. Chini, penye alama za mwili, nikatafsiri neno moja moja: kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, kimepinda tangu kuzaliwa.

Nilikaa kitandani nimeshika kidole changu mwenyewe.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya Karani. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha. Ubatizo wa Mama niliujua ulipo, nilishamnakilia cheti. Safu ya baba: hajulikani, kwa Kilatini. Safu ya mama: jina la ubatizo, mke wa fulani, dobi wa shamba la chai. Nikanyanyua ukurasa dirishani. Jua likapenya pale penye safu ya baba, doa la pembe nne, refu, la kutosha majina mawili. Na ule mwandiko wa juu yake ulikuwa wa kulala.

Nikakumbuka anza na msimamizi. Nilishanakili mstari ule na sikuwahi kuisoma safu ya msimamizi, kwa sababu cheti kifupi hakiihitaji. Nikaisoma. Lilikuwa jina lile ninaloliona kila siku chini ya vyeti. Pembeni padri wa wakati ule, kwa wino wake mwenyewe, alikuwa amefafanua: kaka wa mtoto, tumbo moja, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyekubali.

Karani alinikuta nimesimama na kitabu dirishani. Alivua kofia. Hakuniuliza natafuta nini.

"Funga kitabu, kinapata unyevu," akasema.

"Ni mdogo wako."

"Funga."

"Anakuita baba, Karani. Anakuletea mchele. Na wale wanamtafuta kutoka kule, na wewe umekaa hapa katikati umeshika mlango!"

Nilikuwa nalia kwa sauti, mama wa maandazi akachungulia. Karani akakaa. Alionekana mdogo ndani ya zile sweta mbili. "Niachie mwenyewe," akasema mwishowe. "Safari ijayo akija, nitamwambia. Nikishamwambia, na hao wa Uingereza utawaandikia. Lakini atoke kwangu. Usininyang'anye hilo."

Ningemnyang'anya. Leo ningemnyang'anya. Lakini moyo wangu ni laini na alikuwa mzee, nikaona ni haki yake. Nikakubali.

Mama akaja kabla ya Kwaresima. Karani akasimama, akafungua mdomo, akasema barabara ya Makambako siku hizi ni nzuri. Mama alipoondoka nikamtazama Karani, akasema, "Baada ya mavuno." Mavuno yakapita, Mama akapiga simu kwamba miguu imevimba, hatakuja. Nikamwambia Karani tumfuate. "Mvua zikikatika," akasema. Kisha yeye mwenyewe akaanza kukohoa, akaacha kuja kazini, akabaki kwake Ipogolo. Kila nikimpelekea dawa nilimkumbusha, kila mara alikuwa na tarehe nyingine. Na mimi kila usiku nilijiambia kesho nitapiga simu. Ahadi ile niliishika kama chungu cha moto, sikujua pa kukiweka.

Simu ilipigwa kutoka Mbeya na ikaja kwangu. Ni binti yake Mama. "Dada wa vitabu? Mama ametutoka. Tumemzika juzi. Alisema tukujulishe."

Nikauliza swali ambalo hakulitegemea. Wasifu ulianzaje?

"Marehemu alilelewa na masista," akasema.

Nilikwenda Ipogolo kwa miguu, nikiteremka kilima chote bila kujua ninapita wapi. Karani alikuwa nje, kwenye kigoda, kajifunika blanketi juani, anachambua maharage. Nilitaka kumfokea. Nilikuwa nimeandaa maneno. Alipoona uso wangu akaweka ungo chini.

"Lini?"

"Wamezika juzi."

"Msalabani wameandika nini?"

"Jina la ubatizo. Na la masista."

Akatikisa kichwa, taratibu, mara nyingi. Kisha akasema jina la yule Mwingereza, la kwanza na la pili, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni. Silitaji hapa, lina wenyewe. "Alikuja mwenyewe siku ya ubatizo," akasema. "Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia padri: niandike. Hakukimbia. Mimi ndiye niliyemfuta."

Akanisimulia bila kunitazama. Baba yake Karani alikuwa migodini Afrika Kusini. Aliporudi akakuta mtoto mweupe ndani. Mwingereza alishaondoka. Mama yao akafa. Baba akasema hicho kitoto kisilale kwangu. Basi yeye, kijana, akambeba mdogo wake kwa lori mpaka Mbeya kwa masista. "Alilala begani kwangu kutoka Makambako. Tulipofika nikamweka kwenye ngazi. Nikagonga mlango mara mbili. Sikungoja wafungue, nikaondoka. Nilimsikia ananiita mpaka nilipokata kona."

Baadaye akapata kazi ya vitabu, akachumbia. Mzee wa upande wa mke alikuwa katekista. Kabla ya matangazo ya ndoa alikuwa na desturi ya kuja kusoma vitabu, ajue anaoza kwenye nyumba gani. Karani akachukua wembe siku moja kabla. Jina la baba wa mtoto akalikwangua, ili katekista asione jina la mzungu kando ya jina la mama yake.

"Na jina lako ukaliacha," nikasema.

"Nilijaribu. Wembe ulinishinda. Mimi nilisimama pale. Padri aliniona." Akaokota harage moja, akalitazama, akalirudisha. "Katekista hakuja. Aliugua wiki ile. Hakuja kabisa kusoma."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia tu, siku ile ya kwanza alipokuja na mchele wake. Alifikiri, kama anatafuta ndani ya vitabu.

"Siku ya kwanza nilishindwa. Siku ya pili nilikuwa nimeshamdanganya siku ya kwanza." Akakohoa. "Nikasema nawangoja Waingereza wamkatae, kama wale wa Chunya, ili nijue nilimkinga. Wakaja wanaomtaka."

Juu ya dirisha lake, ndani, niliona vikaratasi vidogo vimepangwa kwenye ubao, vimefungwa vizuri kama dawa za hospitali. Sikuhitaji kufungua kimoja kujua ni mchele.

"Kaandike," akasema. "Kwa penseli, pembeni."

"Andika mwenyewe, Karani. Nitakukodia bajaji."

Akanionyesha mkono wake wa kulia, wazi. "Huu ulishaandika," akasema.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona ameketi. Alipokufa, wasifu wake ulianza vizuri tu: alizaliwa wapi, mtoto wa nani. Ukasema mke wake alishatangulia, na hakuacha mtoto wala ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wanakwaya, na nilikuwa nimeshampa paroko karatasi yenye ukweli, akaikunja akaiweka mfukoni, akaniambia kwa upole, siyo leo, binti.

Lakini nimeruka. Siku ile nilitoka Ipogolo nikapanda kilima moja kwa moja mpaka ofisini. Paroko alikuwa vijijini, mama wa maandazi ameshafunga. Kwanza niliwasha kompyuta nikamwandikia yule dada wa Uingereza. Nilisema: nilikuandikia hayupo, nilikosea. Alikuwepo. Ameacha watoto wanne Uyole, namba ya binti yake hii hapa, na wa mwisho ana kidole kama cha babu yako. Sikuweka tabasamu.

Kisha nikanawa mikono. Maji yaliuma. Nikakausha, nikashusha kitabu, nikakifungua kwenye mstari wake. Nikachonga penseli mbali na karatasi, nikapuliza ncha. Pembeni, kwa herufi ndogo, nikaandika majina mawili ya yule Mwingereza, mkono wangu wa kozi ya miezi mitatu ukipinda kila mahali. Chini yake nikaandika: alikuja mwenyewe, akasema niandike.

Ofisi ilikuwa kimya. Nikakunja kidole, nikagonga kaunta mara mbili, ko, ko, na sikuondoka. Nilikaa hapo, mkono juu ya ukurasa, kama mtu anayesubiri kufunguliwa.